DuckDB na funguo za hifadhi ya wingu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayetumia DuckDB, programu ya kuchambua data kwa lugha ya SQL, kwenye dirisha la amri na anataka kusoma mafaili yaliyoko Amazon S3 au hifadhi nyingine ya aina hiyo. Maswali mengi nimeulizwa na watu ninaofanya nao kazi ya takwimu, mengine nilijiuliza mwenyewe nikiwa nimekwama usiku. Amri zilizomo zinahitaji DuckDB toleo 0.10.0 la Februari 2024 au jipya kuliko hilo, kwa sababu hapo ndipo ulipoanza utaratibu wa "siri" (secrets), yaani namna ya kumkabidhi DuckDB funguo. Ukiandika `duckdb --version` utajua uko wapi.

DuckDB si inakaa kwenye kompyuta yangu? Funguo za nini tena?

Ni kweli, DuckDB haina seva. Ni programu moja ndogo inayofanya kazi palepale ulipo. Mark Raasveldt na Hannes Mühleisen waliianzisha katika kituo cha utafiti cha CWI huko Amsterdam wakiwa na lengo hilohilo: mchambuzi achambue data nyingi bila kusimamia seva. Lakini data yenyewe siku hizi mara nyingi haiko kwenye kompyuta yako. Iko kwenye baketi, yaani ghala la mafaili ndani ya hifadhi ya wingu, pengine ya ofisi, pengine ya mradi. DuckDB inaweza kuisoma ikiwa hukohuko:

```
SELECT wilaya, sum(kiasi)
FROM 's3://takwimu-mauzo/2025/*.parquet'
GROUP BY wilaya;
```

Mwenye baketi hafungui mlango kwa kila apitaye. Kila ombi linalotoka kwa DuckDB lazima litiwe saini kwa ufunguo, na S3 huikagua saini hiyo kabla ya kutoa hata baiti moja.

Funguo zenyewe zinafananaje, na zinatoka wapi?

Kwa Amazon ni jozi. Ya kwanza ni kitambulisho cha ufunguo, herufi 20 zinazoanza na AKIA. Ya pili ni ufunguo wa siri wenye herufi 40. Kitambulisho si siri kubwa. Ni kama namba ya akaunti ya benki. Ufunguo wa siri ndio PIN. Utaonyeshwa mara moja tu, wakati unaundwa. Ukifunga ukurasa kabla ya kuunakili, hakuna pa kuutafuta. Futa uunde mwingine.

Ukiona kitambulisho kinaanza na ASIA, hizo ni funguo za muda. Zina kitu cha tatu, tokeni ndefu, na bila tokeni hiyo hazifanyi kazi. Nitazirudia chini.

Usiunde funguo kwa akaunti kuu, ile uliyojisajilia kwa barua pepe na kadi ya benki. Ufunguo wa akaunti kuu unaweza kufanya chochote, pamoja na kuwasha mashine za gharama usizozijua. Unda mtumiaji wa pembeni kwenye IAM (sehemu ya Amazon ya kusimamia watumiaji na ruhusa zao), mpe ruhusa ya baketi moja, kisha uunde funguo kwa jina lake.

Naanzaje? Nataka amri fupi kabisa.

Fungua `duckdb`, halafu:

```
INSTALL httpfs;
LOAD httpfs;

CREATE SECRET mauzo (
    TYPE s3,
    KEY_ID 'weka_kitambulisho_hapa',
    SECRET 'weka_ufunguo_wa_siri_hapa',
    REGION 'eu-west-1'
);
```

Jina `mauzo` ni la kwako, lichague upendavyo. Kiendelezi (programu ya nyongeza) cha httpfs ndicho kinachojua kuzungumza na S3. Ukishaunda siri, jaribu kusoma faili moja dogo unalolijua kwa jina lake kamili. Usianze na kinyota (`*`) wala na folda nzima. Faili moja likisomeka, umejua funguo ni nzima, na tatizo lolote litakalofuata litakuwa la kitu kingine.

Ukitaka kuona siri ulizonazo:

```
FROM duckdb_secrets();
```

Ufunguo wa siri umefichwa kwenye jibu, kwa hiyo unaweza kumwonyesha mwenzako bila wasiwasi.

Mafunzo mengi niliyosoma yanatumia `SET s3_access_key_id`. Ni makosa?

Si makosa, ni njia ya zamani na bado inafanya kazi. Udhaifu wake ni kwamba inaweka seti moja ya funguo kwa kila anwani ya S3 utakayoigusa. Siku ukiwa na baketi mbili za akaunti mbili, utajikuta unabadilisha funguo huku na huko kila baada ya dakika tano. Usichanganye njia zote mbili katika kazi moja. Ukichanganya, likitokea kosa hutajua ni ufunguo upi uliotumika.

Nikifunga dirisha, siri inapotea. Naifanyaje ikae?

Ongeza neno moja:

```
CREATE PERSISTENT SECRET mauzo (
    TYPE s3,
    KEY_ID '...',
    SECRET '...',
    REGION 'eu-west-1'
);
```

Hapa naomba usome polepole. Siri ya kudumu huandikwa kwenye folda `~/.duckdb/stored_secrets`, na haisimbwi (haifanyiwi encryption). Faili hilo si maandishi ya kawaida, ukilifungua utaona herufi za ajabu ajabu, na watu wengi wakiziona hufikiri limelindwa. Halijalindwa. Yeyote anayeweza kusoma folda yako ya nyumbani anaweza kuutoa ufunguo humo.

Kwa kompyuta yako peke yako, yenye diski iliyosimbwa na nenosiri la kuingilia, naona inakubalika. Kwa seva mnayoingia watu kumi, mimi siweki. Na kwa kompyuta ya kuazima au ya chumba cha maabara chuoni, usiweke kabisa.

Kuna jambo zuri la kujua pia: siri haiingii ndani ya faili la kanzidata yenyewe. Ukimtumia mwenzako faili la `.duckdb`, hujamtumia funguo. Ila hakikisha hukutuma na ile folda.

Kuifuta:

```
DROP PERSISTENT SECRET mauzo;
```

Kama unasimamia mashine ya wengi na hutaki mtu yeyote aache siri za kudumu, weka `SET allow_persistent_secrets = false;` mwanzoni kabisa mwa kazi, kabla siri yoyote haijaguswa.

Kuna mahali pengine ambapo funguo hubaki bila mimi kujua?

Pako, na hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. DuckDB huweka kumbukumbu ya amri ulizoandika ili ukibonyeza mshale wa juu zirudi. Kwenye Linux na Mac kumbukumbu hiyo iko kwenye faili `~/.duckdb_history`. Kila `CREATE SECRET` uliyoiandika kwa mkono, ikiwa na ufunguo ndani, imo humo kwa maandishi ya wazi. Nilikuja kuligundua hilo miezi kadhaa baada ya kuanza kazi, nilipokuwa nanakili folda yangu ya nyumbani kwenda kompyuta mpya. Nilizikuta funguo tatu za watu waliokuwa wameniamini nazo. Nilizibadilisha zote siku hiyohiyo na kuwaeleza wenyewe.

Vilevile ukiandika `duckdb -c "CREATE SECRET ..."`, ufunguo unaingia kwenye kumbukumbu ya ganda (shell) lako, na wakati amri inaendelea mtu mwingine kwenye mashine hiyo anaweza kuuona katika orodha ya programu zinazoendeshwa.

Njia rahisi ya kujilinda ni kuiweka amri kwenye faili, tuseme `siri.sql`, kulifunga faili hilo kwa `chmod 600 siri.sql`, kisha ndani ya DuckDB uandike:

```
.read siri.sql
```

Kumbukumbu itabaki na neno `.read siri.sql` tu. Lakini iliyo bora zaidi ni swali linalofuata.

Nilishaweka funguo kwa `aws configure`, amri ya AWS (huduma za wingu za Amazon). Lazima niziandike tena?

Huna haja, na ningekushauri usiziandike tena. Kadiri ufunguo unavyoandikwa sehemu nyingi, ndivyo unavyokuwa mgumu kuubadilisha. Mwambie DuckDB auchukue pale ulipo:

```
INSTALL aws;
LOAD aws;

CREATE SECRET mauzo (
    TYPE s3,
    PROVIDER credential_chain,
    REGION 'eu-west-1'
);
```

`credential_chain` maana yake ni mnyororo: DuckDB hupita sehemu zinazojulikana moja baada ya nyingine, kama vile vigezo vya mazingira (environment variables), faili la `~/.aws/credentials`, na huduma ya ndani ya mashine ya EC2 (kompyuta ya kukodi ya Amazon), hadi apate ufunguo. Amri hii haina siri yoyote ndani yake. Unaweza kuiweka kwenye `~/.duckdbrc` ili ifanye kazi kila unapofungua DuckDB, unaweza kuiweka Git, unaweza kumtumia mwenzako kwa WhatsApp.

Kama una wasifu (profile) zaidi ya mmoja kwenye faili la AWS, utaje:

```
CREATE SECRET mauzo (
    TYPE s3,
    PROVIDER credential_chain,
    CHAIN 'config',
    PROFILE 'ofisi'
);
```

Mimi huweka `CHAIN` kila mara. Ukiuacha mnyororo wote uende wenyewe, siku moja utakuwa na kigezo cha mazingira ulichokisahau, nacho kitatangulia faili lako. Utapata majibu ya akaunti nyingine bila kuelewa kwa nini.

Jana ilifanya kazi, leo inanikataa. Sijagusa kitu.

Karibu kila mara hizo ni funguo za muda. Kama ofisi yenu mnaingia AWS kwa ukurasa mmoja wa kuingilia, au unatumia jukumu (role) la IAM, unachopewa ni funguo zenye saa za kuisha. Na `credential_chain` huchota funguo wakati unaunda siri, kisha huzishika hizohizo. Zikiisha, DuckDB inaendelea kupeleka funguo zilizokufa.

Ingia upya kwa `aws sso login`, kisha uiunde siri tena kwa `CREATE OR REPLACE SECRET`. Kwa kazi ndefu, kama toleo lako ni jipya, ongeza `REFRESH auto` kwenye siri ya mnyororo ili DuckDB ijaribu kuchota upya.

Kwa sababu hiyohiyo usichanganye `PERSISTENT` na funguo za muda. Utahifadhi kitu kitakachooza kesho asubuhi.

Na kama unaandika funguo za muda kwa mkono, usisahau `SESSION_TOKEN`. Mtu huweka KEY_ID na SECRET sahihi kabisa, akakataliwa, akaanza kulaumu mtandao.

Napata HTTP 403. Funguo zangu ni mbovu?

Huenda si mbovu. Katika kesi nilizosaidia, ufunguo wenyewe ulikuwa mzima mara nyingi kuliko nilivyotarajia. 403 inasema tu kwamba umekataliwa. Haisemi umekataliwa kwa nini. Kabla ya kwenda kuomba funguo mpya, pita hapa kwa mpangilio huu.

Kwanza, ni siri ipi iliyotumika? Muulize DuckDB mwenyewe:

```
FROM which_secret('s3://takwimu-mauzo/2025/januari.parquet', 's3');
```

Ikirudi tupu, hakuna siri inayohusika na anwani hiyo, na ombi lako limeondoka bila saini. Likija jina usilolitarajia, umeshapata jibu.

Pili, faili lipo kweli? Hili huwashangaza wengi. Kama mtumiaji wako hana ruhusa ya kuorodhesha baketi, S3 haimwambii kwamba faili halipo. Inamjibu 403 badala ya 404, ili asijue kilichomo na kisichomo. Kwa hiyo kosa dogo la tahajia, `Januari` badala ya `januari`, linaonekana kama tatizo la ruhusa. S3 hutofautisha herufi kubwa na ndogo.

Tatu, saa ya kompyuta. Saini ya kila ombi hubeba wakati lilipotengenezwa, na S3 hukataa ombi ambalo wakati wake umepishana na wa kwake kwa zaidi ya dakika 15. Kwetu hili si jambo la nadra. Kompyuta nyingi zimetumika Dubai kabla ya kufika Kariakoo au Luthuli, zimekuja na majira (time zone) ya Ghuba ambayo yako saa moja mbele yetu. Mwenye nayo anaona saa imekosewa, anairudisha nyuma kwa mkono hadi ilingane na ya ukutani, na anaridhika. Ila hakugusa majira. Kompyuta sasa inaamini kwamba saa za dunia ziko nyuma kwa saa moja nzima, na kila ombi lake linakataliwa. Vivyo hivyo kwa seva iliyowekwa UTC kisha mtu akaipeleka mbele saa tatu kwa mkono, na kwa kompyuta ambayo betri ya ubao mama imekufa, umeme ukikatika inarudi miaka ya nyuma. Kwenye Linux andika `timedatectl` uone majira na kama saa inalinganishwa na mtandao. Weka majira ya Dar es Salaam au Nairobi, kisha uache mtandao upange saa.

Nne, ruhusa zenyewe. Hapo ndipo unamrudia msimamizi wa akaunti, na safari hii unakwenda ukiwa na swali kamili: mtumiaji fulani, baketi fulani, kitendo fulani.

Tano, nafasi. Ufunguo ulionakiliwa kutoka kwenye barua pepe au PDF huja na nafasi mwishoni, au mstari uliokatika katikati. Hesabu herufi: 20 na 40.

Faili moja linasomeka, lakini nikiweka kinyota nakataliwa.

Ili DuckDB ijue `*.parquet` ni mafaili yapi, lazima iiombe S3 orodha. Kusoma na kuorodhesha ni ruhusa mbili tofauti, tena zinaandikwa kwenye anwani mbili tofauti. Sera ndogo inayotosha kwa kusoma ni hii:

```
{
  "Version": "2012-10-17",
  "Statement": [
    {
      "Effect": "Allow",
      "Action": "s3:ListBucket",
      "Resource": "arn:aws:s3:::takwimu-mauzo"
    },
    {
      "Effect": "Allow",
      "Action": "s3:GetObject",
      "Resource": "arn:aws:s3:::takwimu-mauzo/*"
    }
  ]
}
```

Angalia mwisho wa kila anwani. Ya kuorodhesha ni baketi tupu, ya kusoma ina mkwaju na kinyota. Ukizibadilishana, hakuna itakayofanya kazi. Na ile 2012-10-17 si tarehe ya sera yako. Ni toleo la lugha ya sera; iache ilivyo, usiweke tarehe ya leo.

Nina baketi ya ofisi na baketi ya mteja, akaunti tofauti. DuckDB itajuaje itumie ufunguo upi?

Kwa `SCOPE`:

```
CREATE SECRET ofisi (
    TYPE s3, PROVIDER credential_chain,
    CHAIN 'config', PROFILE 'ofisi',
    SCOPE 's3://takwimu-mauzo'
);

CREATE SECRET mteja (
    TYPE s3, PROVIDER credential_chain,
    CHAIN 'config', PROFILE 'mteja',
    SCOPE 's3://data-ya-mteja'
);
```

DuckDB hulinganisha anwani unayosoma na mwanzo wa kila `SCOPE`, na iliyolingana kwa urefu zaidi ndiyo inayoshinda. Unaweza hata kuwa na ufunguo wa baketi nzima na mwingine wa folda moja ndani yake.

Naweka `SCOPE` hata nikiwa na siri moja tu. Siri isiyo na mipaka hutumika kwa kila anwani ya S3, zikiwemo baketi za umma. Ajabu ni kwamba baketi ya umma, inayosomeka bila ufunguo wowote, itakukataa ukiiletea ufunguo mbovu. Watu hupoteza asubuhi nzima wakishangaa kwa nini data iliyo wazi kwa dunia yote imefungwa kwao tu.

REGION niandike ipi?

Kanda ambamo baketi iliundwa, popote ulipo wewe. Ukiwa Mwanza na baketi iko Ireland, andika `eu-west-1`. Cape Town ni `af-south-1`. Usipoandika kitu na pasipokuwa na mahali pengine pa kuisoma, DuckDB huchukua `us-east-1`, na baketi ikiwa kwingine unaweza kupata kosa la 301 au 400.

Kama hujui:

```
aws s3api get-bucket-location --bucket takwimu-mauzo
```

Jibu la `null` si kosa, maana yake ni `us-east-1`.

Kwa wanaofikiria Cape Town kwa sababu iko Afrika: kanda hiyo huja ikiwa imezimwa kwenye akaunti, lazima uiwashe kwanza. Pima kasi kutoka ulipo kabla ya kuamua. Njia ya nyaya za baharini haifuati ramani ya bara.

Na hifadhi zisizo za Amazon?

Google Cloud Storage hutumia `TYPE gcs` na anwani zinazoanza na `gs://`. Linalowakwamisha wengi ni kwamba aina hii haipokei lile faili la JSON la akaunti ya huduma. Inataka funguo za HMAC, zinazoundwa kwenye mipangilio ya Cloud Storage, sehemu ya Interoperability. Ukishazipata, ziweke kwenye KEY_ID na SECRET kama kawaida.

Cloudflare R2 ni `TYPE r2`, anwani `r2://`, na inahitaji `ACCOUNT_ID` ya ziada. Haitozi kwa data inayotoka, jambo ambalo kwa mradi mdogo lina uzito.

Azure ina kiendelezi chake. `INSTALL azure; LOAD azure;` kisha `TYPE azure` ukiwa na `CONNECTION_STRING`, au `PROVIDER credential_chain` pamoja na `ACCOUNT_NAME` kama umeshaingia kwa `az login`.

MinIO, programu ya hifadhi inayozungumza lugha ya S3, kwenye seva yenu wenyewe:

```
CREATE SECRET ndani (
    TYPE s3,
    KEY_ID '...',
    SECRET '...',
    ENDPOINT 'localhost:9000',
    URL_STYLE 'path',
    USE_SSL false
);
```

Kwenye `ENDPOINT` usiandike `http://`. Na `URL_STYLE 'path'` itakusaidia pia kwenye S3 ikiwa jina la baketi lina nukta, kwa sababu nukta huvuruga ukaguzi wa cheti.

Kwa mkono inafanya kazi, kwenye cron haifanyi.

Cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, haisomi `.bashrc` yako, hivyo vigezo vya mazingira ulivyoviweka humo havipo. Na kama kazi imewekwa kwenye cron ya root (msimamizi mkuu wa mashine), nyumbani kwake ni `/root`: siri za kudumu zilizo nyumbani kwako haizioni, wala `~/.aws` yako. Weka kazi kwenye cron ya mtumiaji yuleyule mwenye funguo, andika `CREATE SECRET` ya mnyororo mwanzoni mwa faili la SQL, na utaje `PROFILE`. Kama mashine yenyewe ni EC2, ipe jukumu la IAM na usiweke ufunguo wowote ndani yake.

Nimepandisha ufunguo GitHub kwa bahati mbaya. Nimeshafuta faili.

Kufuta faili hakutoshi. Historia ya Git bado inalo, na zipo programu zinazozunguka hazina (repository) za umma saa zote zikitafuta herufi AKIA. Uhesabu ufunguo huo umeshachukuliwa. Uzime sasa hivi kwenye IAM, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, kisha uunde mwingine. Ndipo uangalie bili na uangalie kama kuna mashine zilizowashwa kwenye kanda usizotumia. Kusafisha historia ya Git ni kazi ya mwisho kabisa.

Na mwambie mkuu wako. Najua uzito wake, hasa kwa aliyeajiriwa juzi. Lakini kama baketi ina taarifa za watu, namba zao za simu, matibabu, mishahara, basi jambo hilo si lako peke yako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinamdai anayeshika taarifa za watu azilinde.

Tuko wanne kwenye timu. Tutumie ufunguo mmoja?

Hapana. Siku mmoja akiondoka mtalazimika kubadilisha kwa wote, na kwa kuwa ni usumbufu, hamtabadilisha. Nimeona ufunguo ukiendelea kutumika na mtu aliyeondoka mradini mwaka uliotangulia, bila nia mbaya. Kompyuta yake tu iliendelea kuendesha skripti ya zamani. Kila mmoja awe na mtumiaji wake.

Kubadilisha ufunguo bila kusimamisha kazi kunawezekana kwa sababu AWS inaruhusu kila mtumiaji kuwa na funguo mbili kwa wakati mmoja. Unda wa pili, uweke kwenye `~/.aws/credentials`, uzime wa kwanza bila kuufuta, subiri siku chache uone nani atalalamika, halafu ufute.

Nasoma kwa bando la simu. DuckDB itapakua baketi nzima?

Kwa Parquet, muundo wa faili unaohifadhi data kolamu kwa kolamu, hapana. DuckDB husoma kwanza maelezo yaliyo mwishoni mwa faili, kisha huomba kolamu ulizozitaja tu na vipande vinavyohitajika. `SELECT *` itamaliza bando. `SELECT wilaya, kiasi` itachukua sehemu ndogo. CSV haina bahati hiyo, kwa kuwa haina maelezo ya kuonyesha kipi kiko wapi, basi inasomwa karibu yote. Ukiwa na CSV kubwa unayoirudia kila siku, ibadilishe mara moja iwe Parquet na uirudishe kwenye baketi:

```
COPY (FROM 's3://takwimu-mauzo/ghafi/2025.csv')
TO 's3://takwimu-mauzo/2025/mauzo.parquet' (FORMAT parquet);
```

Hapo utahitaji `s3:PutObject` juu ya zile ruhusa mbili za awali. Mimi huiomba kwa mtumiaji mwingine kabisa, mwenye siri yake na `SCOPE` ya folda ile moja ya kuandikia, na ufunguo wangu wa kila siku unabaki wa kusoma tu.